Masikio Hayako Magotini

Mazungumzo na vijana wapiga gitaa wa bendi, kuhusu umeme na sauti ya gitaa, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikipunguza marudio na vicheko.

Shikamooni kwa mnaonizidi umri, na nyinyi wengine marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Kabla sijaanza, naomba ukumbi unyamaze kidogo. Sikilizeni.

Mnaisikia? Nnnnnn. Gitaa limechomekwa, amplifaya imewashwa, hakuna anayepiga chochote, lakini ngurumo ipo. Sasa naweka kiganja juu ya nyuzi. Imekata. Natoa kiganja. Imerudi. Naweka tena. Imekata. Miaka yangu ya mwanzo niliamini kwamba gitaa linanipenda, ndiyo maana linatulia nikilishika. Nilimwambia hivyo fundi mitambo wetu, akacheka mpaka akakaa chini.

Jambo lenyewe liko hivi. Umeme wa ukutani kwetu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Nyaya zilizomo ukutani, taa za darini, feni, friji la baa, vyote vinatawanya mtikisiko huo hewani, na mwili wako umesimama pale kama antena, unaukusanya na kuumwagia kwenye gitaa. Lakini nyuzi zimelala juu ya daraja, kile kipande kinachozishikilia kwenye mwili wa gitaa, na chini ya daraja kuna waya mwembamba usioonekana, unaokwenda kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, kutoka hapo unapita kwenye kebo mpaka kwenye bati la amplifaya, ukaingia kwenye ile pini ndefu ya plagi, ukazama ardhini. Ukigusa nyuzi, mwili nao umefungwa kwenye ardhi. Antena imekufa. Na kama siku moja ukigusa nyuzi ngurumo ndiyo ikazidi, usipige, usibishane na mtu: kuna waya umekaa mahali pasipo pake, lifungueni gitaa.

Shikeni hilo, maana ndani yake kuna faida na kuna msiba. Kama kugusa nyuzi kunakuunganisha na ardhi, basi muda wote ulio jukwaani wewe ni sehemu ya sakiti. Maikrofoni iliyo mbele ya mdomo wako inatoka kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ambayo imechomekwa soketi nyingine, pengine fezi nyingine kabisa. Vyombo vikiwa salama vyote, hakuna neno. Siku kimoja kikikosa ethi, yaani ule waya wa ardhini, umeme unatafuta njia, na njia ya karibu ni kuingilia mdomoni na kutokea vidoleni, ukipita moyoni. Mwezi wa Mei mwaka 1972, huko Swansea, Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa, mkono mwingine ukiwa kwenye nyuzi. Alifia jukwaani, mbele ya watu. Alikuwa na miaka 27.

Mimi yalinikuta kwa udogo. Baa moja nje ya mji, siitaji jina. Mvua imenyesha, jukwaa la saruji lina unyevu, mimi na ndala zangu. Nikasogea kuitikia kiitikio, mdomo ukagusa maikrofoni, nikaona nyota ndani ya ukumbi wenye paa. Tulipofungua plagi ya amplifaya tukakuta waya wa ethi umekatwa kwa wembe, makusudi kabisa. Kuna mtu alichoshwa na ngurumo, akaona dawa ni hiyo. Na ngurumo kweli ilikwisha! Ndiyo ubaya wake: dawa inafanya kazi mpaka siku inapoua.

Ngurumo ya namna ile aghalabu inatokea vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kebo vinapopata ethi kwenye soketi mbili zilizo mbalimbali. Njia ya ardhi inakuwa duara, na duara hilo linakusanya mvumo. Tiba yake ni kuleta umeme wa jukwaa zima, amplifaya, pedali (vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa), mikisa, kutoka soketi moja, kisha kuugawa kwa ekstensheni nzuri yenye pini tatu. Na kabla ya kuweka mdomo kwenye maikrofoni usiyoijua, igusishe testa kwenye wavu wake. Testa ni bei ya soda mbili. Ikiwaka taa, mwambie fundi, usimwambie Mungu.

La umeme nimalizie na hili moja. Ndugu yangu aliniletea amplifaya kutoka Marekani, nzuri, nimeiota miaka. Nikabadilisha kichwa cha plagi, nikachomeka. Kule kwao ukuta una volti 120, huku kwetu 230. Fyuzi ikakata. Na mimi kwa akili yangu ya siku ile nikaondoa fyuzi, nikafunga karatasi ya sigara yenye bati. Mnacheka, lakini wapo humu waliowahi kuifanya. Harufu ya transfoma inayoungua haisahauliki, kama vitunguu vilivyosahauliwa jikoni vikichanganyika na lami. Ukipata chombo cha kule, tazama nyuma yake kimeandikwa volti ngapi. Kama ni 120, nunua transfoma ya kushusha, na iwe na nguvu kuliko chombo kinavyokula: chombo cha wati 200, tafuta ya 500. Na usome "inakula", usisome "inatoa". Amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza umeme, inayotoa wati 85 inakula zaidi ya mara mbili yake, nyingine yote inakuwa joto.

Haya. Tuifuate sauti sasa tangu inapozaliwa.

Inazaliwa kwenye pikapu. Si ile ya kubebea mchanga. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unatikisa nguvu ya sumaku, na kwenye koili unazaliwa umeme mdogo. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai hapa, sumaku haizijui. Pikapu ya koili moja ina sauti kali, safi, inayomeremeta, ila inakusanya ile ngurumo niliyowaonyesha. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aitwaye Seth Lover alichukua koili mbili, akazifunga zikiwa zimepingana, ngurumo inayoingia huku ikafutana na inayoingia kule, sauti ya uzi ikabaki. Kwa hiyo yenye koili mbili iko kimya na ni nene zaidi. Nene, si bora. Kwa rhythm ya dansi mimi nachukua koili moja, na ngurumo yake naivumilia kama jirani.

Umeme unaotoka hapo mara nyingi haufiki volti moja, na ni dhaifu: kila mita ya kebo inaula kidogo, na kinacholiwa kwanza ni trebo, yaani ule ukali wa juu. Kebo ya mita 5 au 6 inatosha jukwaa la baa yoyote hapa mjini. Ukijifunga ya mita 15 ili uteremke kucheza na wateja, ujue umeacha ukali wa gitaa njiani, halafu utasimama kwenye amplifaya unapandisha trebo na kulaumu pikapu. Kama lazima iwe ndefu, weka mwanzoni pedali yoyote yenye bafa, yaani inayoupa ule umeme msuli kabla ya safari.

Halafu kuna kitufe cha valyumu cha gitaa lenyewe. Nauliza: wangapi humu wanakiweka kumi, kikakaa kumi mpaka kufunga baa? Inueni mikono, hakuna polisi. Karibu wote. Mimi nimefundishwa kukiweka saba. Saba ndiyo nyumbani. Ukipewa nafasi ya solo unakwenda kumi, ukimaliza unarudi saba, na fundi mitambo anakupenda maisha yako yote. Mtu aliyeanzia kumi, zamu yake ikifika hana pa kwenda, anabaki kukodoa macho.

Sasa amplifaya. Kijana mmoja aliniambia yake ni ya wati 100, kwa hiyo mwenzake wa wati 50 anamfunika mara mbili. Hamfuniki. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio linaona nyongeza kidogo. Ili watu wasikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Yaani ile ya wati 100 ni mara mbili ya ile ya wati 10, hiyo ndogo unayodharau pale sokoni. Wati nyingi unazinunua kwa sababu nyingine: ili sauti ibaki safi ukipiga kwa nguvu. Amplifaya ndogo ikisukumwa inachoka, inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza.

Kukwaruza huko wenzetu wa roki wanakupenda, wamejenga muziki mzima juu yake, na Jim Marshall pale London mwaka 1962 alianza kuuza amplifaya zilizokuja kusifika kwa jambo hilohilo. Sisi tunataka kinyume. Ndiyo sababu napenda Fender Twin Reverb, valvu, wati 85, spika mbili za inchi 12, safi hata ukiipandisha. Au Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, haina valvu hata moja, ni transista tupu, na bado kwa gitaa la dansi sijaona cha kuishinda kwa bei na kwa uzima. Valvu zinapasuka lori likiruka tuta. Transista zinafika Tunduru salama.

Kwa nini tunataka safi? Rudini mkasikilize bendi zetu zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980. Solo, second solo, rhythm, na chini yake besi. Unaweza kulifuata gitaa moja tangu mwanzo mpaka kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka, bila kulipoteza. Sauti yenye distosheni, yaani ule mkwaruzo, inatanda, inajaza kila pengo, na mapengo ndiyo nyumba ya gitaa la mwenzako. Wazee wale wengi hawakuwa hata na amplifaya zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, kama NUTA Jazz ya mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi: ukihama bendi unaacha vyombo, unaondoka na vidole. Kwa hiyo walijifunza kutengeneza sauti kwa vidole na kwa kupeana nafasi. Siwasifii ufukara, nasema tu ulivyowafundisha.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu asubuhi. Binti, njoo na gitaa lako la rhythm. Na wewe wa besi, njoo.

Piga peke yako kwanza, na amplifaya kama ulivyoiacha. Mnasikia? Tamu, nene, besi iko saba, trebo saba, kati iko tatu. Hivi ndivyo tunavyoweka wote tukiwa chumbani, kwa sababu chumbani gitaa liko peke yake, linajaribu kuwa bendi nzima. Sasa besi na ngoma waingie. Rhythm iko wapi? Imezama. Anapiga, mkono unakwenda, lakini kinachotoka ni ukungu. Na silika yake inamwambia nini? Ameshainama kupandisha valyumu, nimemwona! Basi solo naye angepandisha, besi angepandisha, na saa tano usiku mwimbaji angekuwa anapiga kelele kama utingo wa daladala.

Simama. Tusiguse valyumu. Besi ya amplifaya yako iteremshe kutoka saba mpaka tatu. Kati ipandishe mpaka sita. Trebo iache saba. Piga peke yako. Amesema nini? "Mwalimu, imekonda." Imekonda, ndiyo, inasikika kama redio ya mkulima. Sasa ingieni wote.

Haya. Hiyo hapo. Na valyumu ni ileile.

Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unatikisika mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi mara 41, na sauti zake nyingine zinapanda juu mpaka ndani ya eneo letu, halafu teke la ngoma kubwa nalo liko hapohapo. Eneo lile la chini lina wenyewe. Ukipandisha besi kwenye amplifaya ya gitaa, unagombania kiti na mtu mnene kuliko wewe. Gitaa linaishi katikati, na ile kati ambayo chumbani tunaiona mbaya, yenye pua, ndiyo inayofika meza ya mwisho karibu na choo. Magitaa mawili yakiwa na kati ileile, mmoja asogee: solo apande kidogo kwenye trebo, rhythm abaki chini yake, au mmoja atumie pikapu ya mbele na mwingine ya nyuma. Mzungumze nyinyi wenyewe kabla ya ukumbi kufunguliwa. Amplifaya iwekwe bendi ikiwa inapiga. Mipangilio uliyoitoa chumbani ukaipiga picha kwenye simu, ifute.

Sasa tazameni ilipo amplifaya yake. Sakafuni, inatazama magoti. Spika ya gitaa inatupa trebo mbele kama tochi: ukisimama kwenye mwanga wake unachomwa, ukisimama pembeni husikii ukali wowote. Yeye anasikia kwa juu, sauti imefifia, anaongeza trebo. Mteja wa meza ya mbele, ambaye sikio lake lipo usawa wa spika, anasaga meno. Masikio hayako magotini. Iinue juu ya kreti la soda, au iegemeze nyuma itazame uso wako. Ukiisikia vizuri mwenyewe, nusu ya ugomvi wa sauti jukwaani umekwisha bila kikao.

Spika zenyewe, kwa haraka: soma nyuma imeandikwa omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya ya transista iliyoandikwa isishuke chini ya 8 itachemka na kufa. Ya valvu usiiwashe kamwe ukaipiga bila spika, inaunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo si ya kupata Kariakoo mchana mmoja.

Pedali. Najua ndizo zilizowaleta wengi hapa, na mimi nazipitia upesi kwa makusudi. Mpangilio ni mantiki tu. Kinachochafua sauti kikae mwanzo, kinachorudia sauti kikae mwisho: wah, ile inayofanya gitaa liseme "wa-wa", halafu distosheni, halafu korasi, halafu dilei, yaani mwangwi unaorudia, halafu rivabu, yaani mvumo kama wa ukumbi mkubwa. Ukitanguliza dilei kabla ya distosheni, mwangwi wote unakwaruzwa pamoja na sauti, unapata uji. Mtu anaweza kuvunja utaratibu huu akapata kitu kipya, sikatai, ila avunje akijua.

Korasi nitaisemea, kwa kuwa ndiyo manukato ya gitaa letu tangu miaka ya themanini. Ile JC-120 ndani yake ina amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu kama ilivyo, ya pili inatoa sauti ileile imechelewa kidogo na inayumba, na zinachanganyika hewani, mbele yako, si ndani ya waya. Mwaka 1976 kampuni ileile, kwa jina la Boss, iliitoa sakiti hiyo ikaitia kwenye sanduku la CE-1, na pedali za korasi zikaanzia hapo. Tumia kidogo. Ikiwa msikilizaji anaitambua kuwa ni korasi, umeshaizidisha. Manukato yakimtangulia mtu mlangoni, kuna tatizo.

Dilei ina hesabu moja: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata milisekunde. Wimbo wa mapigo 120, dilei 500, au nusu yake 250, na mwangwi unacheza ndani ya ngoma. Lakini nyimbo zetu hazikai kasi moja. Ikifika chemko kasi inapanda, dilei iliyokuwa inacheza na ngoma inaanza kugongana nayo. Iue. Mguu uwe umeshakaa juu ya pedali kabla mpiga ngoma hajabadilisha.

Pedali nyingi zinakula volti 9, na nyingi zina hasi katikati ya kichwa cha adapta, si zote. Soma kile kimchoro kidogo kabla ya kuchomeka. Na adapta moja ya bei ya karanga ikilisha pedali sita kwa mnyororo, mlio wa nyuki unaousikia si gitaa, ni adapta. Jaribio lake: toa pedali moja, itie betri. Nyuki wakiondoka, umempata mwizi.

Mzee pale nyuma ameuliza, mtoto wake ana pesa kidogo, aanze kununua nini. Nyuzi mpya kwanza, mzee. Kwa chumvi ya hewa hii ya pwani nyuzi zinashika kutu upesi, na uzi wenye kutu haukubali kutulia kwenye tyuni. Apige uzi wazi, kisha aubonyeze kwenye freti ya 12: kama haitoi noti ileile oktava moja juu, yaani ile ya nane kwenye do-re-mi, fundi asogeze daraja. Halafu tyuna, kile kifaa cha kupimia kama nyuzi zimekaa sawa. Halafu kebo moja nzuri inayofunguka kichwa, ili ikikatika ailehemu mwenyewe, asiitupe. Halafu amplifaya safi, hata iliyotumika. Pedali ya kwanza anunue baada ya miezi sita ya kupiga na wenzake. Atakuwa ameshaijua ni ipi, na pengine ataona haihitaji.

Binti, usiondoke. Kuna mwenye solo hapa? Haya, njoo, chomeka ile ya pili. Soketi hii hii, usiende ule ukuta mwingine. Testa iko wapi? Gusisha kwenye maikrofoni. Haiwaki. Valyumu ya gitaa saba, besi tatu, amplifaya juu ya kreti. Wewe wa ngoma, hesabu mpaka nne.